Ufinyanzi kwa Watoto wa Darasa la Kwanza hadi la Tatu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka kwa walimu wa madarasa ya chini, Tanzania na Kenya, ambao wengi wao hawana tanuru, hawana fungu la vifaa, na wana watoto wengi kuliko madawati. Majibu yameandikwa kwa hali hiyohiyo. Utaona nimekaa sana kwenye udongo wenyewe kabla ya kufika kwenye vyungu na ng'ombe wa udongo. Ni kwa sababu somo la ufinyanzi hufaulu au hufeli kabla watoto hawajaugusa udongo.

Udongo wa kufinyangia nitaupata wapi bila kununua?

Anza kwa kuuliza, usianze kwa kuchimba. Sehemu nyingi kuna mama anayefinyanga vyungu, au alikuwapo na wajukuu wake wanajua alikochimba. Usipompata, tafuta wanakofyatua matofali ya kuchoma, kwa kuwa udongo unaoshika tofali kwa kawaida hushika na kikombe, ila utahitaji kuuchuja zaidi. Mabonde na kingo za mito nazo hutoa udongo mzuri. Kichuguu pia ni hazina: mchwa hupandisha juu chembe laini kutoka chini ardhini, kwa hiyo ukikibomoa na kukitwanga unapata udongo unaonata vizuri. Chagua kilichohamwa, maana mchwa wenyewe wanauma.

Udongo mweusi wa mbuga uache. Ukiwa mbichi unavutia kweli, unanata na unaviringika, lakini hunywea mno ukikauka. Nyufa unazoziona mbugani wakati wa kiangazi ndizo utakazoziona kwenye vikombe vya watoto.

Watoto wasipelekwe kuchimba mtoni. Kwenye maji yaliyotulia, hasa kando ya maziwa na mabwawa, kuna konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na mashimo ya udongo hubomoka bila taarifa. Achimbe mtu mzima, mbali na vyoo na mazizi, aondoe kwanza tabaka la juu lenye mizizi na uchafu, kiasi cha sentimita 30, ndipo achukue ulio chini.

Nitajuaje kwamba udongo huu unafaa?

Lowanisha konzi moja, ukande mpaka uwe laini, kisha uviringishe upate kamba yenye unene wa kidole kidogo. Izungushe kamba hiyo kwenye kidole chako. Ikizunguka bila kukatika, udongo unafaa. Ikichanika kidogo kwa nje, bado utafaa ukiuchuja. Ikikatika vipande vipande, una mchanga mwingi, endelea kutafuta.

Ukitaka kuona mchanga kwa macho, tia udongo robo ya chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, jaza maji, tikisa, iache mpaka kesho yake. Mchanga hutuama chini ndani ya dakika chache na udongo laini hukaa juu yake. Darasa la tatu hupenda sana jaribio hili, na unaweza kulihesabu kuwa kipindi cha sayansi.

Unaandaliwaje?

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo walimu wengi huruka hatua. Anika udongo mpaka ukauke kabisa, kwa sababu mabonge mabichi hayayeyuki vizuri majini lakini makavu hujimumunyua yenyewe. Utwange, utoe mawe na mizizi, kisha uloweke kwenye ndoo siku mbili tatu. Ukoroge upate uji mzito, uchuje kwa chujio au chandarua kikuukuu kilichofuliwa vizuri. Kama chandarua kiliwekwa dawa ya mbu, usikitumie.

Acha uji utuame, mwaga maji yaliyo juu, kisha tandaza tope juu ya gunia au matofali makavu yafyonze unyevu. Baada ya siku moja au mbili, kulingana na jua la kwenu, litaacha kunata mikononi. Hapo likande kama unga wa chapati, kwa kiganja na kwa nguvu, mpaka liwe sawasawa ndani na nje. Udongo ulio tayari huacha alama ya kidole bila kuacha tope kwenye kidole.

Kama una nia ya kuchoma kazi za watoto, changanya mchanga laini sehemu moja kwa udongo sehemu nne au tano. Vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikisagwa unga, ni bora zaidi ya mchanga, na wafinyanzi wengi wa kienyeji hufanya hivyo. Mfinyanzi hulia gaeni, na hayo magae hayatupi. Mchanganyiko huu huacha njia ndogo ndogo za mvuke kutokea na hupunguza kunywea.

Uhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, na juu ya udongo uweke gunia bichi au majani ya mgomba. Vitabu vya kigeni husema uufunge kwenye mifuko ya plastiki, lakini Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, na kwa kweli jani la mgomba linafanya kazi nzuri. Udongo ukikaa wiki kadhaa hivyo huzidi kulainika. Ukianza kutoa harufu, haujaharibika.

Nina watoto 70. Nahitaji udongo kiasi gani?

Kila mtoto apate donge linaloenea viganja vyake viwili bila kumwagika, kama gramu 200. Watoto 70 ni kilo 14, ambayo ni chini ya nusu ya ndoo ya lita 20. Yaani ndoo moja iliyojaa inatosha vipindi viwili na inabaki.

Usigawe udongo mwenyewe meza kwa meza, utamaliza kipindi. Tayarisha madonge mapema, yaweke kwenye sinia chini ya kitambaa kibichi, na kiongozi wa kila kundi aje achukue ya kundi lake. Kipindi cha dakika 30 ni kifupi mno, kwa hiyo omba viwili vinavyofuatana, cha mwisho kikiwa kabla ya mapumziko ili kunawa kusile muda wa mtu mwingine. Watoto wafanyie kazi nje, chini ya mti, juu ya vipande vya gunia au maboksi yaliyokatwa. Madawati yabaki safi. Usiruhusu kazi ifanyiwe moja kwa moja juu ya ubao laini, kwa kuwa udongo huganda na kupasuka unapobanduliwa.

Maji ni bakuli moja dogo kwa kundi, la kuchovya ncha ya kidole tu. Ukiwapa maji mengi, baada ya dakika tano utakuwa na tope na furaha, bila kikombe hata kimoja.

Nianze na nini?

Darasa la kwanza wape kipindi kizima bila kutengeneza chochote cha kupeleka nyumbani. Wabonyeze, waviringishe, wapige, wachane. Waambie watengeneze nyoka mrefu kuliko wote, kisha mpira wa mviringo kuliko yote. Mikono ya miaka sita ina nguvu ndogo kuliko tunavyodhani, na kuviringisha nyoka ni zoezi lilelile linalomsaidia mtoto kushika penseli. Nyoka huyo akishakuwa mwembamba, mkunje awe herufi au tarakimu. Mtoto aliyeifinyanga 5 kwa mikono yake haandiki tena kinyume kirahisi.

Kipindi kinachofuata ni kikombe cha kubinya. Mtoto anashika mpira wa udongo kiganjani, anazamisha kidole gumba katikati bila kutokea upande wa pili, kisha anabinya kuta taratibu huku akizungusha. Neno la kurudia ni "binya, zungusha". Asipozungusha, upande mmoja unakuwa karatasi na mwingine unabaki jiwe. Ukuta uishie unene wa kidole kidogo cha mtoto mwenyewe.

Shanga ni kazi ninayoipendekeza kuliko zote kwa darasa la pili. Ni ndogo, hukauka haraka, hazipasuki ovyo, na mtoto dhaifu na hodari wote wanatoka na kitu. Zitoboe kwa kijiti cha ufagio, zikikauka zitungwe kumi kumi, na umepata vihesabio vya mwaka mzima.

Darasa la tatu wanaweza kujenga kwa kamba: msingi bapa, kisha kamba moja juu ya nyingine, kila moja ikisuguliwa kwa kidole ishikane na ya chini, ndani na nje. Hivi ndivyo mitungi mingi ya Afrika Mashariki ilivyojengwa na inavyojengwa bado, bila gurudumu. Kwa mapambo waviringishe gunzi la muhindi juu ya ukuta ungali laini, au wabonyeze makombe, chanuo, jani lenye mishipa. Udongo uwahi ungali maji: ukishakaza, hakuna alama itakayoingia.

Ng'ombe? Ng'ombe hahitaji kufundishwa. Katika jamii za wafugaji watoto wameshafinyanga makundi mazima kabla ya kuanza shule, wenye nundu na pembe za kila namna. Wape nafasi wawafundishe wenzao, na wewe ukae chini uangalie.

Masikio, miguu na mikono ya vikombe hudondoka vikikauka. Tunakosea wapi?

Vimebandikwa tu, havijaunganishwa. Kwaruza sehemu zote mbili zitakazokutana kwa kijiti, mistari ya kukatana. Paka uji mzito wa udongo uleule. Kandamiza huku ukitikisa kidogo, mpaka uji utoke pembeni, kisha usugue ile alama ya kiungo ipotee. Vipande vyote viwili viwe na unyevu sawa, kwa maana kilicho kibichi zaidi kitanywea zaidi na kujitenga. Kwa watoto wa darasa la kwanza, dawa rahisi ni kuvuta: masikio yavutwe kutoka kwenye kichwa chenyewe badala ya kubandikwa.

Kwa nini vinapasuka vikikauka?

Kwa sababu udongo hunywea, na haunywei kwa pamoja. Chombo cha sentimita 10 hupungua kati ya nusu sentimita na sentimita nzima kikikauka. Ukingo mwembamba hukauka kwanza na kusinyaa, kitako kinene bado kibichi hakitaki, na mahali wanapovutana panapasuka.

Basi usianike juani. Najua jua lipo na ni la bure, lakini weka kazi kivulini, pasipo na upepo mkali, zikiwa zimefunikwa gazeti au kanga kuukuu siku ya kwanza na ya pili. Zigeuze ili kitako nacho kipate hewa. Kikombe kidogo kinaweza kukauka ndani ya wiki moja. Pwani wakati wa masika hesabu wiki mbili au tatu.

Ni lazima vichomwe?

Hapana, na kwa darasa la kwanza sioni sababu. Kazi ambayo haijachomwa hudumu rafuni miaka, mradi isiguswe na maji.

Ukitaka kuchoma, njia bora ni kupatana na mfinyanzi aliye karibu aziweke kazi za watoto ndani ya moto wake, kwa malipo. Anajua kuni zake na upepo wake. Kama hakuna, watu wazima wawili wanaweza kuchoma moto wa wazi mahali pasipo nyasi kavu wala paa la makuti karibu, watoto wakitazama kutoka mbali.

Kwanza hakikisha vimekauka kabisa. Weka chombo shavuni: kikiwa cha ubaridi, bado kina maji. Kisha vipashe moto taratibu, vikizunguka moto mdogo na kugeuzwageuzwa, saa moja hadi mbili, mpaka vishindwe kushikika kwa mkono mtupu. Hatua hii ndiyo inayookoa vyombo. Tandika kuni na mavi makavu ya ng'ombe, panga vyombo juu, funika kwa nyasi kavu na kuni nyembamba, washa. Ukiona nyasi zimeteketea na vyombo vinaonekana uchi, ongeza. Moto wa namna hii hufika nyuzi 600 hadi 900 za Sentigredi, na udongo hauwi kigae mpaka ukaribie 600. Acha majivu yapoe yenyewe, usiku kucha ikiwezekana. Madoa meusi ni alama ya moshi, si kasoro.

Waambie wazazi mapema kwamba vingine vitavunjika. Na vyombo hivi si vya kunywea uji: vina vitundu vidogo sana vinavyofyonza uchafu.

Ni kweli kwamba hewa iliyofungiwa ndani hulipua chombo motoni?

Hewa husingiziwa. Kinacholipua ni maji: yakifika nyuzi 100 huwa mvuke, na mvuke usipopata njia huvunja ukuta. Ng'ombe mnene wa mtoto hulipuka kwa kuwa katikati yake hapajakauka. Mtoboe ng'ombe huyo tumbo kwa kijiti, upande wa chini usioonekana, au mpe muda mrefu zaidi kivulini.

Tupake rangi gani?

Kwa kazi ambayo haijachomwa, rangi za maji za shule zinatosha. Zipo pia za bure: udongo mwekundu uliochujwa, chokaa ya ukutani iliyokwisha kuzimwa kwa maji (aipake mwalimu, inaunguza macho), mkaa uliosagwa na kuchanganywa na uji wa unga. Rangi ya mafuta ya nyumba isifike darasani. Baadhi zina madini ya risasi, na watoto hawa bado wanaweka vidole mdomoni.

Kuna urembo mwingine usiohitaji rangi. Chombo kikiwa kimekaza lakini bado kina unyevu, kisugue kwa kokoto laini la mtoni au mgongo wa kijiko mpaka kiwake. Ukimpa mtoto msumbufu kokoto na kikombe, utashangaa utulivu.

Mtoto mmoja anakula udongo. Nifanyeje?

Usimfokee mbele ya wenzake. Huenda amemwona mama mjamzito akitafuna pemba, au odowa kama wanavyoiita Kenya, na kwake ni jambo la kawaida. Mweleze kwamba udongo huu umepita mikononi mwa wengi na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Akiendelea, hata nje ya kipindi, zungumza na mzazi ampeleke kituo cha afya, kwani tabia hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu.

Mzazi amekuja kusema kufinyanga sanamu za viumbe hairuhusiwi katika dini yao.

Pwani na visiwani swali hili litakuja, na si swali la kubishania. Masheikh wenyewe wana maelezo yao kuhusu vinyago vya watoto, na mwalimu wa sanaa hana kazi ya kutoa fatwa. Mshukuru mzazi, mwahidi kwamba mtoto wake atafinyanga vyombo, na timiza. Chetezo chenye matundu ni kazi ngumu na nzuri kuliko ng'ombe. Kuna jahazi, nyumba yenye baraza na mlango wa nakshi, embe, nanasi, herufi. Ukiona familia kadhaa zina msimamo huo, fanya darasa zima lifinyange vyombo, ili mtoto huyo asikae peke yake.

Wavulana wanasema hii ni kazi ya wanawake.

Katika jamii nyingi za huku ndivyo ilivyo, hawajazua. Wakisi wa Ikombe, karibu na Matema kwenye Ziwa Nyasa, Tanzania, wafinyanzi wao ni wanawake, na vyungu vyao husafirishwa kwa mtumbwi hadi sokoni. Jibu langu huwa fupi: hapa tunajifunza mikono, na mikono unayo. Wafyatua matofali wengi ni wanaume, na udongo ni uleule. Baada ya dakika kumi hakuna anayekumbuka alilalamika nini.

Nimwalike mfinyanzi darasani?

Ndiyo, kuliko video yoyote. Mlipe nauli na siku yake, kwa sababu siku anayokaa kwako haendi sokoni. Usimpe hotuba ya kutoa, mpe udongo na mkeka, watoto wazunguke. Walio Kakamega wako karibu na Ilesi, ambako vyungu hupangwa kando ya barabara ya Kisumu, wanaweza hata kwenda wao. Watoto wakiuliza kama kazi hii inafika mbali, watajie Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye hujenga vyombo vyake kwa mkono kwa kamba za udongo na kuvisugua ving'ae, na vimo katika makumbusho makubwa ya Uingereza na Marekani.

Naweza kutumia unga wa ngano badala ya udongo?

Unaweza: vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, maji karibu kikombe kimoja. Mjini, kwa watoto wachache, ni sawa. Lakini shule ambayo watoto wake wanashinda bila chakula cha mchana haina sababu ya kuchezea ngano wakati udongo upo bondeni.

Natoaje alama?

Usilinganishe kikombe na kikombe. Tazama kama mtoto amezungusha alipobinya, kama amekwaruza kabla ya kuunganisha, kama anaweza kukueleza alichofanya. Na usikirekebishe kikombe chake. Ukigusa kimoja "kukinyoosha kidogo", watoto wote watapanga foleni ukinyooshee na chao, na kipindi kijacho watakusubiri wewe. Kama unataka kuonyesha, onyesha kwenye donge lako, kisha livunje.

Usafi je, na maji ni ya kubeba?

Ndoo mbili zinatosha darasa zima: ya kwanza ya kutoa tope, ya pili ya kusuuza. Maji ya tope usiyamwage kwenye sinki wala mtaro wa saruji, yataziba. Yaache yatuame, udongo urudi kwenye akiba, maji yaende bustanini. Sakafuni futa kwa kitambaa kibichi. Usifagie udongo mkavu, vumbi lake lina chembe za silika zinazoumiza mapafu, na anayelivuta zaidi ni wewe uliyeko humo kila wiki.

Vilivyopasuka kabla ya kuchomwa nitupe?

Usitupe hata kimoja. Viache vikauke kabisa, vitie kwenye ndoo ya maji, kesho yake vitakuwa uji, na unaanza tena kutoka kwenye gunia. Muulize mwenye kazi kwanza, lakini. Wengine wanataka kuipeleka nyumbani na nyufa zake.